Ufunguo wa biro uko mfukoni mwa nani?

Saa nne asubuhi, umeme ukiwa umerudi baada ya siku mbili za giza, mama mmoja aliingia bironi kwetu, yaani ofisi yetu ya kuchora plani hapa Bukavu, Kongo, mvua ikimchuruzika kwenye kitenge. Alikaa kwanza. Kupanda hadi kwetu kutoka Nyawera si mchezo hata kwa kijana. Halafu akasema:

"Mwanangu, nataka plani ya nyumba yangu ya Nguba, ile mliyonichorea 2022. Jirani amejenga ukuta. Anasema jiwe la mpaka liko kwake."

"Dakika tano tu, mama."

Nilifungua daftari letu la wateja kwenye kompyuta. Jina lake lilikuwepo, namba ya kiwanja ilikuwepo, kiungo cha faili kilikuwepo. Nikabofya. Ukaja ukurasa mweupe wenye maneno machache: huna ruhusa, mwombe mwenye faili.

Mwenye faili?

Mimi ndiye niliyenunua karatasi na wino. Mimi ndiye niliyemtuma mtu kwa kadafi, muuza mafuta wa barabarani, kutafuta mafuta ya jenereta usiku ule plani ilipokuwa inamalizika. Lakini kwa mujibu wa kompyuta, mwenye faili alikuwa stajieri wetu wa zamani, kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwetu, aliyetuacha karibu miaka miwili iliyopita akaenda Kampala. Hata namba yake sikuwa nayo tena.

Nilimwomba mama arudi wiki ijayo. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mganga aliyesahau dawa, akashika mwavuli wake, akaondoka.

Hiyo ilikuwa wiki saba zilizopita. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamka usiku nikiwaza mafaili.

Jedwali la bei

Wiki ya kwanza nilifanya ambacho kila mtu angefanya: nililaumu huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, nikaanza kutafuta nyingine. Nikachora jedwali.

Google inatoa GB 15 bure, ila barua pepe, picha na faili zote zinakula kwenye sahani hiyo moja. OneDrive ya Microsoft inatoa GB 5. Dropbox inatoa GB 2, ambazo kwa biro inayochora plani ni kama kuoga kwa kikombe cha chai. Mega inatoa GB 20, na jina lake lilituchekesha siku nzima, maana huku kwetu mega ndizo tunazonunua kila asubuhi ili tuingie kwenye intaneti. "Nunua mega uingie Mega," alisema mama wa hesabu.

Ukilipa, Google kwa bei ya Marekani ni dola 1.99 kwa mwezi kwa GB 100, au 9.99 kwa TB 2, yaani kama GB 2,000. Kifurushi kidogo cha kazi cha Microsoft nilikikuta kwa dola 6 kwa mtu kwa mwezi, kila mmoja na TB yake.

Nilijaza hata safu ya kasi, na hapo nilijifunza kitu. Dropbox na OneDrive, ukibadilisha mstari mmoja kwenye plani ya MB 80, hazipandishi tena MB 80 zote. Kinapanda kipande kilichoguswa tu. Dropbox pia huziacha kompyuta zilizo kwenye Wi-Fi moja zigawiane faili, bila kila moja kuishusha upya kutoka ng'ambo. Wenzetu walio kwenye miji ya faiba hilo watalipita bila kugeuka. Anayehesabu mega anasimama hapo.

Jedwali lilitoka zuri. Nikalipiga muhuri wa biro, kwa utani.

Na muhuri ndio ulioniamsha.

Muhuri hauendi nyumbani

Muhuri wetu unakaa kwenye droo yenye kufuli. Funguo ni mbili: moja yangu, moja ya mama wa hesabu. Hakuna aliyewahi kwenda nao nyumbani. Nikisafiri kwenda Uvira kwa kazi na nikauhitaji, kuna daftari la kusaini: umetoka saa ngapi, kwa nini, umerudi saa ngapi. Tunafanya hivyo kwa sababu plani isiyo na muhuri hakuna ofisi itakayoipokea.

Muhuri tuliulinda. Plani zenyewe tukamwachia kijana aondoke nazo.

Hakuiba. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Mwaka 2021 tulipoamua kuachana na flash, yeye peke yake ndiye aliyejua mambo hayo. Akafungua folda kwa anwani yake mwenyewe, akatugawia, sisi wazee tukapiga makofi. (Flash zenyewe nisizisahau: moja iliyeyuka, moja ilishuka kwenye teksi ya Kadutu bila mwenyewe. Wanasema hata Dropbox ilizaliwa hivyo. Drew Houston alipanda basi kutoka Boston kwenda New York akagundua ameacha flash nyumbani, akaanza kuandika programu. Mimi nilishuka teksi nikaanza kutukana.)

Kwenye akaunti binafsi ya Google, faili ni ya aliyeipandisha, hata kama imekaa kwenye folda mnayoitumia wote. Nyinyi wengine ni wageni waliokaribishwa. Mwenye nyumba akifunga mlango, umefungwa.

Halafu nikasoma jambo la pili, nikakosa usingizi kabisa. Tangu Desemba 2023, akaunti binafsi ya Google isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, pamoja na vyote vilivyomo.

Kijana aliondoka lini? Nilianza kuhesabu miezi kwa vidole, nikarudia, nikamwita mama wa hesabu ahesabu naye.

Ilibaki mitatu.

Kadutu

Kadutu hakuna mtu anayepotea, kuna anayejificha tu. Siku ya Jumamosi nilishuka kumtafuta mama yake. Nilimkuta anapanga unga wa muhogo kwenye meza yake. Aliniambia nikae kwenye beseni lililogeuzwa, akaendelea kupanga.

"Mwanangu mlimfukuza," akasema.

"Mama, hatukumfukuza. Alipata nafasi Kampala."

"Mlimwahidi posho ya mwezi wa mwisho. Alingoja. Ndiyo maana alienda."

Ningeweza kusema kwamba mwezi ule hatukuwa na kazi, kwamba hata mimi sikujilipa. Ni kweli. Lakini nilikumbuka vizuri pia kwamba mwezi uliofuata kazi zilirudi, na jina lake halikuwemo tena kwenye orodha. Dola 50. Nilikuwa nimezifuta kichwani bila kuzilipa.

Nilimtumia mama yake kwa simu palepale, mbele ya wateja wake wawili, kabla sijaomba namba. Alihakiki ujumbe, akasoma salio mara mbili. Ndipo akanipa namba.

Nilipiga nikiwa bado nimekaa kwenye lile beseni.

"Patroni," akaitika. Kimya kidogo. "Nilidhani mmenisahau."

Nikamweleza habari ya mama wa Nguba, ukuta, jiwe la mpaka. Akasikiliza hadi mwisho.

"Niliwatoa mwaka jana," akasema. "Nilikuwa na hasira. Nikawatoa wote kwenye folda. Lakini sikufuta kitu, patroni. Zilikuwa zinajaa nafasi yangu, nikawa nalipia ile ya GB 100 kila mwezi. Nilisema siku moja watanitafuta."

Dola mbili kila mwezi, karibu miaka miwili. Kijana ambaye tulikuwa na deni lake alikuwa analipia kabati letu kutoka mfukoni mwake, huko ugenini, na mimi nilikuwa nachora jedwali la kulinganisha bei.

Sikuwa na la kusema. Nikamuuliza habari za Kampala. Ana mtoto.

Kabla sijafika juu Nyawera, ruhusa ilikuwa imeshaingia. Hofu ya ile miezi mitatu pia ikayeyuka, maana akaunti ilikuwa hai, picha za mtoto zilikuwa zinaingia humo kila siku. Mama wa Nguba alipata plani yake Jumatatu. Nilimuuliza kama nimtumie kwenye simu. "Mimi nipe karatasi," akasema.

Mashine ya kona

Baada ya hapo jedwali langu halikuwa na maana tena, au lilikosa safu moja: nani anaweza kutufungia mlango?

Mpwa wangu, anayesoma mambo ya kompyuta, alikuwa na jibu tayari. "Mjomba, weka ya kwenu." Kuna programu ya bure inaitwa Nextcloud, iliyoanza 2016 chini ya Mjerumani Frank Karlitschek. Unaiweka kwenye kompyuta ya zamani, unaiacha kwenye kona, na biro nzima inaitumia kama wanavyotumia Google Drive. Mtandao ukikatika, ndani ya biro mnaendelea kufanya kazi. Hakuna malipo ya mwezi, na hakuna Mmarekani katikati.

Nilivutiwa sana, nakiri. Kwa siku nne nilikuwa nimeshaamua. Hapa kwetu, mtu akikwambia kitu kitafanya kazi mtandao ukiwa haupo, unamsogezea kiti.

Kilichonirudisha nyuma ni moshi. Usiku wa nne nyumba kadhaa ziliungua upande wa bondeni, na wote tulitoka nje kuangalia kama wanavyoangalia watu wa Bukavu, kila mmoja akipima upepo. Nilisimama nikijiuliza: moto ukifika kwetu, nabeba nini? Kompyuta ya kona? Na wanaobeba kompyuta za watu usiku bila moto wowote, wao nitawazuia na nini?

Si kwamba wakubwa wa ng'ambo hawaungui. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kampuni ya Kifaransa OVH liliwaka Strasbourg, jengo zima la mashine, na watu wengi wakapoteza tovuti na faili zao. Walikuwemo hata waliokuwa wamelipia nakala za akiba, kumbe nakala zilikuwa zimewekwa eneo hilohilo. Wingu, kama wanavyoziita huduma hizi za mtandaoni, kwa hiyo halipo angani. Ni jengo, lina nyaya, lina moto wake. Tofauti ni kwamba moto wa Strasbourg na moto wa Bukavu hauwaki usiku mmoja.

Mpwa alinuna. Nikamwambia mashine ya kona aiweke, lakini iwe ya pili.

Ilipofutwa

Kabla ya kuhama tulijaribu kidogo, na jaribio moja lilitufundisha kuliko kusoma kwangu kote. Tulifungua folda ya majaribio, tukaiunganisha kwenye kompyuta tatu. Siku ya pili kijana wetu mpya wa vipimo aliona laptopu yake imejaa. Akafuta folda ile ili apate nafasi.

Ikafutika kwa wote watatu kwa wakati mmoja. Mama wa hesabu alikuwa ameifungua. Alisema ilikuwa kama mtu kuvuta kitambaa cha meza chakula kikiwa juu.

Kijana aliapa kwamba amefuta "kwenye mashine yangu tu". Alikuwa anasema kweli, kwa jinsi alivyoelewa. Sote tulikuwa tukiamini kwamba kikiwa kwenye wingu kimehifadhika. Kumbe huduma hizi kazi yake ni kuzifanya kompyuta zote zifanane. Ukiandika, zinafanana. Ukifuta, zinafanana. Mdudu wa kompyuta akizivuruga faili kwako, zinafanana pia.

Kuna pipa la taka, ndiyo. Google wanashikilia siku 30, kifurushi cha kazi cha Microsoft siku 93. Lakini mteja wetu wa kawaida harudi baada ya siku 93. Anarudi baada ya miaka mitatu, jirani akishajenga ukuta.

Kwa hiyo tulinunua diski mbili za nje. Moja iko bironi, nyingine iko Bagira nyumbani kwa mama wa hesabu, kila Ijumaa zinabadilishana nafasi. Hazijui kufanana na chochote hadi mtu aziunganishe. Ndiyo sifa yake.

Funguo

Nilijaribu pia huduma zinazofunga faili kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma, kama Proton Drive na Mega. Swali la nani anaweza kuzisoma si la bure. Tunashika vitambulisho vya watu, hati za ardhi, mirathi inayogombaniwa. Tangu Machi 2023 nchi yetu ina Sheria ya dijitali inayogusa data za watu. Na Wamarekani tangu 2018 wana sheria inayoruhusu serikali yao, kwa amri ya mahakama, kudai data kwa kampuni zao hata zikiwa zimehifadhiwa nchi nyingine. Nilifikiri sana, halafu nikajiuliza kwa unyofu: nani ataharibu kwanza, mwanasheria wa Washington au mimi nitakayesahau nenosiri? Kwenye huduma hizo ukipoteza nenosiri na ufunguo wa akiba, imekwisha. Hakuna wa kumpigia.

Nakijua kichwa changu.

Tukachukua kifurushi cha kazi cha Microsoft, akaunti mbili badala ya nne, dola 12 kwa mwezi. Humo mwenye mali ni biro. Mtu akiondoka, msimamizi anafunga akaunti yake na kuzichukua faili zibaki za biro. Wasimamizi ni wawili, kama funguo za droo. Namba za siri za kuingilia hatupokei kwa SMS, maana laini isiyotiwa unite (salio) kwa muda hukatwa na namba hupewa mwingine. Tunatumia programu ya simu inayotoa namba hizo yenyewe, hata bila mtandao. Manenosiri yapo kwenye bahasha iliyofungwa, bahasha ipo kwenye droo, chini ya muhuri. Na daftari la kusaini limepata safu mpya.

Usiku saba

Nilidhani kuhamisha faili kutoka kwa kijana wa Kampala ni kubofya mara moja. Kwenye akaunti binafsi ya Google unaweza kumpa mtu umiliki wa folda, na yeye lazima akubali. Lakini folda ndiyo inayohama. Faili zilizomo zinabaki za mwenye kuzipandisha. Ni kama kupewa kabati na nguo zikabaki za mwingine.

Njia iliyobaki ilikuwa kuzishusha zote. GB 38. Kwa kasi yetu ya usiku, megabiti mbili kwa sekunde mtandao ukiwa na huruma, nilipiga hesabu nikapata saa 42. Tukanunua mega za usiku. Kila siku saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, usiku saba, mimi na kijana wa vipimo tukipokezana. Usiku wa tatu umeme ulikatika na jenereta ikagoma. Usiku wa tano yule wa Kampala alituma ujumbe: "Patroni, imefika wapi?" Nikapiga picha ya asilimia, nikamtumia.

Nilimlipa dola zake za miezi yote ile. Alikataa mara moja, kwa adabu, akapokea mara ya pili. Nimemwomba pia atuchoree plani za mteja mmoja, kwa majaribio, kutoka hukohuko. Sasa ana akaunti ya mgeni, yenye tarehe ya mwisho.

Baada ya kuhakikisha diski zote mbili zinafunguka, nilimwandikia kwamba anaweza kufuta. Hadi leo hajafuta. Anasema atangoja kidogo.

Kadi

Kuna jambo moja sijalitatua.

Kifurushi chetu hakikukubali pesa za simu. Kilitaka kadi. Benki za mjini kwetu zilifunga milango Februari 2025, na kadi niliyokuwa nayo ikawa kipande cha plastiki. Kwa hiyo kifurushi kimelipiwa kwa kadi ya mtoto wa shangazi yangu anayekaa Kigali. Namtumia kwa simu, naye analipa.

Nilisoma masharti. Muda wa kifurushi ukiisha bila kulipiwa upya, kuna siku 30 za kuendelea kama kawaida. Kisha siku 90 ambazo msimamizi pekee ndiye anayeweza kuingia na kuokoa faili. Baada ya hapo zinafutwa.

Jana jioni mtoto wa shangazi ameniandikia, kwa furaha. Amepata kazi mpya. Anabadilisha benki.